Sindano ya Saa Sita na Nusu

Kuntala Sahu alikuwa kiguu na njia tangu utoto wake. Mama yake alipotaka kumsuka ilibidi amfunge kwa upindo wa sari kwenye mguu wa kitanda, la sivyo nusu ya kichwa ingesukwa na nusu ingekwenda zake kucheza. Alipoolewa mjini Cuttack, mashariki mwa India, kwenye uchochoro ambako karibu kila nyumba watu wanasokota nyuzi za fedha kutengeneza vipuli na vikuku, mama mkwe wake alimtazama siku tatu tu akasema, "Huyu bibi arusi ana siafu miguuni." Karakana iliyomwajiri iligundua mapema kwamba si mtu wa kuinama juu ya ua la fedha kutwa nzima na kibano mkononi. Wakampa kazi za kusimama: kuyeyusha, kuchovya kwenye asidi, kung'arisha, kupeleka na kurudisha. Huko alifurahi. Alikuwa hajui bado kwamba atakuja kukaa mahali pamoja miaka miwili na ushei, mbele ya lango la shule, akisubiri kengele.

Yalianza mwanawe Iti alipokuwa na miaka saba. Jina lake kamili ni Itishree, lakini hata mwalimu alimwita Iti. Joto la Mei lilikuwa limewaka, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mtoto alipoanza kunywa maji ovyo. Kisha akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyeacha zamani. Sketi ya shule ikampwaya. Siku ya Jumanne akaanza kutapika na kupumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbizwa, na pumzi yake ikanuka kama tunda lililooza. Baba yake, Niranjan, ambaye ni dereva wa bajaji, aliwashusha abiria wawili katikati ya barabara, akarudi nyumbani, akawapakia mtoto na mama yake nyuma na kuwahi hospitali huku amebana honi.

Daktari wa watoto aliyewapokea aliitwa Sanjukta Das, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Siku ya pili, Iti alipofumbua macho, aliwaita wazazi kando.

"Ni kisukari. Si kile cha wazee. Kongosho lake limeacha kutengeneza insulini, na halitaanza tena. Atachomwa sindano mara nne kwa siku, kila siku."

"Mpaka lini, Daktari?" Niranjan aliuliza.

"Kila siku," daktari alirudia.

Kuntala hakulia. Aliuliza, "Amekula nini kibaya?"

"Hajala kitu. Si kosa lako wala la mtu yeyote. Ukisikia mtu anakwambia ni peremende, mwambie aje kwangu."

Muuguzi alimfundisha kwa dakika ishirini hivi: namna ya kutoboa kidole na kusoma namba kwenye kipimo, namna ya kuvuta dawa, mahali pa kuchoma, na namna ya kuitunza insulini ndani ya chungu chenye mchanga mbichi kwa kuwa nyumbani hakukuwa na friji. Kuntala alijichoma yeye kwanza pajani kwa sindano tupu, ajue inavyouma. Akaona mtoto atavumilia. Jambo lililomtia hofu ni sukari kushuka. Daktari alilisema mara mbili, akimtazama machoni: "Akitetemeka, akitoka jasho, akiongea ovyo, mpe glukosi hapo hapo. Usisubiri kipimo, usisubiri mtu. Sukari ikipanda utakuwa na saa kadhaa. Ikishuka una dakika chache tu."

Shule ilipofunguliwa Juni, Kuntala alikwenda na mtoto, kipimo, sindano na karatasi ya daktari mpaka ofisini kwa mwalimu mkuu, Bi Pramodini Mohanty. Alikuwa mama mtu mzima, sari yake imepigwa pasi kali, na kalamu mbili ziko mezani zimelala sambamba kama reli.

"Guruma," Kuntala alimwamkia, kama wanavyoitwa walimu wa kike wote wa huko, "watoto wanakula saa sita na nusu. Kabla ya wali anatakiwa apimwe na achomwe. Mwenyewe anaanza kujifunza. Naomba mtu mmoja tu wa kusimama karibu."

"Hapa ni shule, mama Iti, si zahanati. Mimi nimesomea hesabu. Sindano sikusomea."

"Simwombi mtu amchome. Amwangalie tu. Na akisema anatetemeka, ampe sukari."

"Na akinifia?" Mwalimu mkuu alisogeza kalamu moja, akairudisha palepale. "Ataulizwa nani? Wewe au mimi?"

Wakaafikiana, kama kweli hayo yalikuwa maafikiano: sindano haitaingia ndani ya lango mikononi mwa mtoto. Mama atakuja nayo mwenyewe, kila siku.

Kutoka karakana ya fedha, iliyokuwa uchochoro uleule wa nyumbani, mpaka shuleni ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu, na fundi mkuu hakuwa tayari kuwa na mfanyakazi anayepotea kila adhuhuri. Kuntala aliacha kazi. Asubuhi alimpeleka Iti, akarudi kupika na kufua, na saa tano alikuwa tena langoni. Kati ya saa tano na saa sita na nusu hakukuwa na kitu cha kufanya. Kulikuwa na jiwe la kukalia, alilikalia dakika tatu, akainuka. Akatembea mpaka mwisho wa ukuta, akarudi. Alihesabu matofali. Alisoma matangazo ya mwaka juzi. Kila sauti ya mtoto iliyotoka darasani aliichuja kama ni ya Iti.

Mzee Kalia, aliyekuwa na baiskeli ya kuuzia bajia za mtindi pale langoni, alichoka kumtazama.

"We binti, ukiendelea kuuzunguka hivyo ukuta utashikwa na kizunguzungu, uanguke. Kaa basi."

"Nimekaa jana, mjomba."

"Ulikaa? Mimi nilikuwa wapi?"

Kengele ikilia, aliingia na kumkuta Iti kwenye ngazi za nyuma karibu na jiko, mkono umeshanyooshwa. Kidole, tone la damu, namba, sindano, sahani ya wali na dalma, mchuzi wa dengu na mboga. Dakika sita. Kisha akasubiri nusu saa nyingine nje ya lango, maana baada ya sindano ndipo sukari inapoweza kushuka. Ikawa hivyo mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili vilevile.

Mwezi wa Julai wa mwaka wa tatu mvua ilinyesha usiku kucha na asubuhi nzima. Cuttack imelala chini, kati ya mito miwili. Mitaro ikijaa maji hayana pa kwenda ila vibarazani. Niranjan alimpeleka Iti shule mapema barabara zikiwa bado zinapitika. Aliporudi kumchukua Kuntala, bajaji ilizimika katikati ya maji, hatua chache kutoka nyumbani, na haikuwaka tena. Kuntala hakubishana nayo. Alipandisha sari, akafunga mfuko wa dawa kichwani, akaingia majini mpaka mapajani. Simu ililowa, ikafa. Mwendo wa dakika arobaini ukamchukua saa moja na nusu.

Kule shuleni mpishi naye alikuwa amekwama, chakula hakijaiva. Iti alikuwa na insulini ya asubuhi mwilini na tumboni hakuna kitu. Kufika saa sita na nusu akaanza kutetemeka. Alifanya kama alivyofundishwa: alitoa pakiti ya glukosi begini akaifungua. Mwalimu wa darasa alimwona, akamnyang'anya.

"Wewe una kisukari halafu unakula sukari? Unataka kuniponza?"

"Guruma, imeshuka."

"Kaa chini. Mama yako anakuja."

Kuntala alipoingia, akidondosha maji kama paa, alimkuta mwanawe amelazwa juu ya madawati mawili, macho yamegeuka, na walimu wanne wamesimama mbali kidogo, kama watu wanaomtazama nyoka asiyejulikana kama amekufa au amelala. Aliipokonya ile pakiti mezani kwa mwalimu, akailowesha kwa maji yaliyokuwa yakitiririka kwenye mkono wake mwenyewe, akampaka mtoto ndani ya shavu, kwenye fizi, kidogo kidogo, huku amemlaza ubavu. Kipimo kilisema thelathini na nane, na kwa kipimo chao chini ya sabini tu ni hatari. Akapaka tena. Zikapita dakika ambazo hata leo ukimwuliza hakwambii zilikuwa ngapi. Kisha Iti akakunja uso, akamwita mama yake kama watoto wa huko wanavyoita: "Bou, umelowa."

Siku ya tatu barua ilifika nyumbani. Kwa usalama wa mtoto mwenyewe na wa wenzake, iliandikwa, Itishree Sahu asiletwe shuleni mpaka ije hati ya daktari inayothibitisha kwamba ni mzima na hahitaji uangalizi wowote.

Dakta Das aliisoma akavua miwani.

"Naweza kuandika kwamba anaweza kusoma, kucheza, kuogelea akitaka. Lakini kwamba hahitaji uangalizi siwezi. Uongo wangu ukiwa ndiyo pasi yake ya kuingilia, siku moja uongo huo utakuja kumuua."

Hapo ndipo zilipoanza danadana. Ofisi ya elimu ya wilaya ilimweka kwenye benchi siku mbili, ya tatu karani akasoma barua na kuigonga muhuri: *Suala la afya.* "Nenda kwa waganga, mama. Sisi tunahusika na vitabu." Ofisi ya afya iko ng'ambo ya mji. Karani wa huko alikuwa mpole, alimpa hata maji, akasoma, akageuza, akagonga muhuri wake chini ya ule wa kwanza: *Suala la shule.* "Sisi hatuna mamlaka juu ya walimu, dada yangu. Rudi elimu." Alirudi elimu. Alirudi afya. Safari ya nne alipofika elimu karani alimwona tokea mbali, akainuka kwenda kunywa chai.

Na nyumbani Iti, wa miaka tisa sasa, alivaa sare kila asubuhi. Hakuna aliyemwambia avae. Alivaa, akasuka nywele na kuzifunga utepe, akapanda darini na daftari lake, akakaa akitazama upande iliko shule, kama vile anasubiri kuitwa jina. Adhuhuri alishuka, akala, akavua sare na kuikunja. Kuntala akawa hawezi kutulia ndani ya nyumba ile. Akifagia, anafagia palepale mara tatu. Akilala ubavu huu, hauwi. Akigeuka, nao hauwi.

"Tuyaache," Niranjan alimwambia jioni moja wakila, Kuntala alipotaja mahakama. "Kaka yangu anasema kuna mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Kuishtaki serikali! Sisi ni nani?"

"Sisi ni baba na mama yake."

"Watatukumbuka hao. Kesho akienda shule nyingine, watasema, ndio wale."

"Wacha waseme. Wewe unataka akae darini mpaka aolewe?"

Asubuhi Niranjan alimkuta mkewe kwenye bajaji, amekaa kiti cha nyuma kama abiria, karatasi mapajani. "Twende mahakamani," Kuntala alisema. "Nimeambiwa mwanamke hupewa wakili bure."

Wakili waliyepewa na ofisi ya msaada wa sheria aliitwa Ghanashyam Rath, mzee mwembamba, koti lake jeusi limepauka mabegani, na shavu moja limejaa tambuu wakati wote. Aliisoma ile barua yenye mihuri miwili akaanza kucheka mpaka akapaliwa.

"Mama, watu huniletea kesi mbichi, nahangaika nazo miaka. Wewe umeniletea iliyopikwa na kutiwa chumvi! Hawa wawili wamekataa mtoto mmoja kwenye karatasi moja." Kisha akaacha kucheka. "Lakini sikiliza. Sheria ya elimu inasema kila mtoto mpaka miaka kumi na minne asome, bure, na asifukuzwe. Hiyo ipo. Sheria ya watu wenye ulemavu ingewalazimisha wamwekee msaada. Ila ina orodha, na ugonjwa wa mwanao haumo. Kwa hiyo unaona mchezo? Kwa serikali, mtoto wako si mgonjwa wa kutosha kuwekewa msaada, wala si mzima wa kutosha kuwa mwanafunzi. Ameanguka kwenye ufa."

"Basi umtoe, Babu."

"Nitajaribu. Lakini ujifunze kusubiri."

"Hicho ndicho nisichokiweza."

Kesi ilipigwa kalenda mara nne. Mara ya kwanza wakili wa elimu hakuwa na majibu, mara ya pili wa afya hakufika, mara ya tatu muda uliisha wakiwa wa thelathini na moja kwenye orodha na jaji ameinukia wa ishirini na nane. Ya nne ilikuwa mgomo wa mawakili. Kila tarehe Kuntala aliondoka na Iti alfajiri, wakipima kwenye ukumbi wa mahakama, wakichoma nyuma ya nguzo, na katikati ya hayo yeye akitembea ukumbi huo kutoka mwanzo mpaka mwisho. Makarani walimzoea wakaacha kumpisha. Yeye ndiye aliyewakwepa.

Tarehe ya tano waliitwa. Walibishana kwa Kiingereza karibu saa nzima, na Kuntala alijua tu kwamba wanamzungumzia Iti kila aliposikia jina lake likitamkwa kwa kituo, kama jina la jengo. Rath alimnong'oneza tafsiri. Wakili wa elimu alisema mwalimu si muuguzi, na sheria inamkataza asiyesomea kumchoma mtu sindano, akikosea, atafungwa. Wakili wa afya alisema wauguzi waliopo hawatoshi hata hospitalini, sembuse mmoja kwa kila shule. Wakili wa shule alisema kuna watoto mia nne, na sindano ni hatari. Kila mmoja alimalizia kwa kumwonea huruma mtoto.

Jaji alikuwa mtu wa makamo mwenye mafua. Alipangusa pua, akaacha Kiingereza, akauliza kwa Kiodia, lugha ya watu wa huko, "Mama wa mtoto yupo?"

Rath alimsukuma mbele kwa kiwiko.

"Umesoma mpaka wapi, mama?"

"Darasa la saba, Mheshimiwa."

"Nani alikufundisha kuchoma?"

"Muuguzi wa hospitali."

"Kwa muda gani?"

"Kama dakika ishirini. Halafu akaitwa kwa mgonjwa mwingine."

"Na tangu siku hiyo umemchoma mara ngapi?"

Kuntala hakuwa amewahi kujiuliza. Alihesabu kwa viungo vya vidole, midomo ikimchezacheza, na ukumbi ukamsubiri. Nne kwa siku, mara siku za mwaka, miaka miwili na nusu.

"Zaidi ya elfu tatu na mia tano, Mheshimiwa, pamoja na alizojichoma mwenyewe nikimwangalia."

"Umekosea mara ngapi?"

"Mara mbili nilizidisha. Nilijua mapema, nikampa uji wenye sukari, nikakaa naye mpaka ikarudi." Rath alikuwa amemwonya ajibu anachoulizwa tu, lakini miguu ilishaanza kumtekenya. "Mheshimiwa, siku ile alipoanguka hakuna aliyehitaji kumchoma. Alihitaji sukari tu, na sukari alikuwa nayo mkononi. Alinyang'anywa na mtu mwenye shahada."

Wakili wa shule aliinuka. Jaji alimwonyesha kiganja, akakaa.

"Na wewe," jaji alimwambia Iti, ambaye pua yake ilionekana kwa shida juu ya ubao wa kizimba, "unaweza kujichoma?"

"Naweza tangu mwaka jana. Bou ananiangalia tu."

"Unamtaka akuangalie kwa nini kama unaweza?"

Iti alifikiri. "Siku nyingine nikiwa na haraka ya kucheza nasahau kuhesabu mpaka kumi kabla ya kuchomoa. Yeye ananiambia, hesabu."

Watu walicheka kidogo, na jaji naye akajificha ndani ya leso. Kisha akawageukia mawakili wale watatu, na Kiingereza alichokisema safari hii kilikuwa kifupi. Rath alimtafsiria Kuntala huku wakitoka. Jaji amesema: kwa saa nzima mmebishana nani amchome mtoto, na mtoto anajichoma mwenyewe. Kinachotakiwa ni mtu mzima anayejua kuhesabu mpaka kumi. Je, idara ya elimu inamwambia kwamba haina?

Amri ilikuwa ya muda, kesi kubwa ikiendelea. Iti arudi shuleni ndani ya siku saba. Idara ya afya iwafundishe walimu wawili. Shule itoe mahali safi, na kisanduku cha sindano zilizotumika. Na hakuna mtu atakayemzuia mtoto huyo kula glukosi yake.

Nyumbani mama mkwe alipika chai kwa uchochoro mzima. Lakini Kuntala hakuonja raha. Siku saba zilikuwa zinakwisha na habari kutoka shuleni zilikuwa moja tu: walimu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyejitolea. Amri imesema wawili, haikusema wawili gani. Siku ya sita alikwenda mwenyewe, hasira zimempanda, akaingia ofisini bila kugonga.

Bi Pramodini alikuwa peke yake, mafaili yamefunguliwa mbele yake, hayasomi.

"Nimeandika jina langu," alisema kabla Kuntala hajafungua kinywa. "La pili nitaandika la mwalimu wa michezo, apende asipende. Kaa, mama Iti."

Kuntala alibaki wima.

"Kabla ya hapa nilikuwa shule ya kijijini, upande wa Jajpur. Mtoto mmoja alishikwa na degedege darasani kwangu. Nilimwekea kijiko mdomoni, kama nilivyoona wakifanya nyumbani. Akapaliwa, akafa. Watu wa kijiji walinifungia stooni mpaka polisi wakaja. Uchunguzi ulichukua miaka sita. Walinisafisha kwenye karatasi." Alizishika zile kalamu zake mbili, akaziweka vizuri ingawa zilikuwa vizuri. "Tangu hapo mtoto akijikwaa tu mimi nafunga macho. Si kwamba simpendi mwanao. Nilimwona pale madawatini, miguu ikakataa kwenda."

Kuntala alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njia nzima. Akayaacha yapite.

"Ungeniambia, Guruma," alisema.

"Ningekwambia nini? Kwamba mwalimu mkuu anaogopa?"

"Na mimi naogopa. Kila siku."

Siku ya kwanza Iti kurudi, Kuntala alikatazwa na Dakta Das kwenda langoni. "Wapishe wajifunze." Akakaa nyumbani, kama kukaa ndiko kule. Aliosha vyungu vilivyo safi. Alitembea mpaka mwisho wa uchochoro na kurudi, simu mkononi, mpaka jirani akamwuliza kama amepoteza kitu. Saa sita na dakika thelathini na tano simu ikalia.

"Mama Iti!" Sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa juu kama ya mtu aliye kisimani. "Inasema sitini na nane! Nifanye nini?"

Kuntala alikuwa tayari barabarani, kiatu kimoja mguuni. "Mwulize Iti!"

"Anasema anywe kwanza maji ya glukosi, tupime tena baada ya dakika kumi na tano, halafu ndiyo sindano."

"Basi ndivyo."

"Una hakika?"

"Guruma, mtoto amekwambia."

Kwa mbali ikasikika sauti ya Iti: "Guruma, na wewe ukae. Unanitetemesha."

Kesi yenyewe ilijikokota miaka mingine mitatu. Mzee Rath alifariki kabla ya hukumu. Kijana kutoka ofisi ileile aliichukua na mafaili yake yenye madoa ya tambuu. Hukumu ilipotoka, haikumpa Kuntala kila alichokitaka: orodha ya ulemavu jaji aliiacha kama ilivyo, akisema hiyo ni kazi ya bunge. Lakini aliamuru kwamba idara zote mbili, elimu na afya, kwa pamoja, zitoe mwongozo kwa shule za serikali, na kwamba hakuna atakayemrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ugonjwa wake uko kwenye meza ya idara nyingine.

Mafunzo yakahitaji mtu. Dakta Das alikuwa na wagonjwa kutoka asubuhi mpaka jioni, akamtaja mwanamke mmoja wa darasa la saba. Kuntala Sahu sasa huzunguka wilaya nzima, leo Banki, kesho Athagarh, na begi la sindano, kipimo na machungwa ya kujifunzia kuchoma. Walimu wenye shahada huinua mikono kumwuliza. Mwaka jana mwalimu mmoja wa michezo, pande la mtu lenye masharubu, aliiona sindano ikiingia kwenye chungwa akaanguka kama mgomba. Alipozinduka, Kuntala alikuwa anampima sukari. "Mia moja na kumi," aliwatangazia wenzake. "Huyu haumwi kitu, ni mwoga tu. Nani anafuata?"

Shule moja tu hajaenda. Iti ana miaka kumi na minne, yuko sekondari ya wasichana, na orodha ya mafunzo ilipoifikia shule hiyo alimfuata mama yake jikoni, akasimama mlangoni akichezea ncha ya msuko.

"Bou, usije shuleni kwangu."

"Kwa nini? Walimu wako hawajui kitu."

"Wenzangu hawajui kama ninacho. Wawili tu wanajua."

"Na ikishuka?"

"Hao wawili wanajua."

Kuntala alikuwa na sababu za kutosha: madawati mawili, thelathini na nane, maji mpaka mapajani. Mtoto alimkazia macho, hakuyaangusha.

"Hao wawili umewafundisha kuhesabu mpaka kumi?"

"Ndiyo."

"Na pakiti wanajua iko wapi?"

"Mfuko wa mbele. Bou, basi."

Kesho yake Kuntala alimpigia simu Dakta Das, akamwomba shule ile aende yeye mwenyewe, na asitaje jina la mtu.